Kando ya kitanda cha majeruhi: namna ya kumkinga ndugu yako na vimelea sugu

Karatasi ya maabara ilifika saa 4 asubuhi, siku ya 9 tangu kijana yule aletwe wodini kwetu. Mfupa wa muundi ulikuwa umetoboa ngozi, nyama ya mguu imesagika, mbavu 2 zimevunjika. Alfajiri hiyo nilipombadilishia bendeji niliikuta imelowa usaha wa kijani wenye harufu tamutamu inayochefua, na homa ilikuwa imepanda. Mama yake alinishika mkono. "Sista, si mlisema anapata dawa kali? Mbona homa haishuki?" Kwenye karatasi ile palikuwa na orodha ya dawa 14. Mbele ya 12 paliandikwa herufi R, maana yake kimelea ni sugu, dawa hiyo haikiwezi.

Nimeuguza majeruhi kwa miaka 19, na swali la yule mama ndilo ninaloulizwa zaidi: hakuna dawa kali kuliko hiyo? Naelewa linatoka wapi. Lakini kwa mtu aliyeumia vibaya, dawa ni ya mwisho kwenye foleni. Kabla yake kuna mikono, kuna mirija, kuna kidonda chenyewe, kuna sampuli. Katika hayo yote wewe unayekaa kando ya kitanda una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Ninayoandika hapa hayachukui nafasi ya daktari wa mgonjwa wako. Yatakusaidia kuzungumza naye, na kujua la kufanya saa zile ambazo hayupo.

Kwa nini majeruhi hasa

Ngozi ni ukuta. Mtu akiungua, akichunika au mfupa ukitokeza nje, ukuta umebomoka na uchafu umeingia ndani. Kisha sisi hospitalini, ili tuokoe maisha, tunatoboa matundu mengine: kanula (kimrija chembamba cha mshipani) mkononi, mrija mkubwa shingoni, mrija wa mkojo, bomba la kupumulia kooni. Mwili uliopata pigo kubwa nao kinga yake huyumba kwa siku nyingi. Na pale palipopondeka, damu haizunguki vizuri. Dawa ya kuchoma mshipani husafiri ndani ya damu. Pasipofika damu dawa haifiki, hata iwe kali namna gani. Lishike hili, maana nitalirudia.

Majina ya bakteria utakayoyasikia yakitajwa kitandani ni Stafilokokasi ya aina ya MRSA, Klebsiela, Sudomona, Asinetobakta. MRSA, yaani stafilokokasi sugu kwa methisilini, si mgeni: methisilini, dawa ya jamii ya penisilini, iliingia sokoni mwaka 1959 ili kuishinda stafilokokasi iliyokwisha kuizoea penisilini, na mwaka 1961 Uingereza ikaripoti stafilokokasi isiyoijali methisilini. Miaka 2 tu. Asinetobakta ndiyo inayoninyima usingizi mimi, kwa sababu inaweza kukaa hai kwa wiki kadhaa juu ya kitu kikavu, kama reli ya kitanda au kitufe cha mashine ya dripu. Askari wa Marekani waliojeruhiwa Iraki kuanzia 2003 walifika kwenye hospitali za kwao na Asinetobakta sugu vidondani. Wengi walidhani imetoka kwenye udongo wa vitani. Uchunguzi ulipofanywa, kidole kilielekea kwenye mazingira ya hospitali za kambini zilizowapokea. Nakusimulia hili ili ujue adui mkubwa wa ndugu yako, baada ya siku ya kwanza, yumo humuhumu tulimo.

Anza na mikono, na usione ni jambo dogo

Mwaka 1847, katika wodi ya wazazi huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika kina mama. Vifo vilivyokuwa vikipita mama 1 kati ya 10 vilishuka ndani ya miezi michache hadi karibu 2 kati ya 100. Hapakuwa na antibayotiki hata moja duniani wakati huo.

Basi fanya hivi. Ukiingia, kabla ya kumgusa mgonjwa, takasa mikono. Ukimaliza kumgusa, takasa tena. Ukigusa reli ya kitanda chake, shuka, meza yake au pampu ya dripu, hata kama yeye hukumgusa, takasa kabla ya kuondoka pale. Hili la mwisho ndilo watu husahau. Mtu anamsalimia mgonjwa kwa mbali, anaegemea reli, anaona hajagusa kitu, kisha anakwenda kumwinulia mto mgonjwa wa kitanda cha pili kwa huruma zake. Kwa huruma hiyohiyo amembebea kimelea. Kama mgonjwa wa jirani anahitaji msaada, niite mimi.

Kitakasa mikono chenye spiriti kinataka sekunde 20 hadi 30. Jaza kiganja, tone moja halitoshi. Sugua kiganja kwa kiganja, kisha mgongo wa kila mkono, katikati ya vidole, kidole gumba ukikizungusha ndani ya ngumi ya mkono mwingine, halafu ncha za vidole ukizisugua juu ya kiganja. Ncha za vidole na kidole gumba ndizo watu huziruka, na ndizo zinazomgusa mgonjwa kwanza. Acha mikono ikauke yenyewe, usiifute kwenye nguo. Ikiwa inaonekana chafu, au mgonjwa anaharisha, tumia sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60. Kuna bakteria wa kuharisha ambao huwapata wagonjwa waliotumia antibayotiki nyingi, na mbegu zake hazifi kwa spiriti. Zinaondoka kwa kuoshwa tu.

Vua pete na saa, acha kucha ziwe fupi. Simu usiilaze kwenye shuka lake, na usiishike halafu ukamshika mgonjwa bila kutakasa mikono katikati. Usikae kitandani kwake. Glavu nazo zisikudanganye: glavu iliyogusa reli ni chafu kama mkono uliogusa reli, na ukishaivua bado unatakasa mikono.

Ukiniona mimi nakuja kwa haraka bila kutakasa mikono, niambie. Mzee mmoja aliyekuwa akimuuguza mkewe alikuwa akiniambia maneno mawili tu, kwa upole: "Mwanangu, mikono." Mara ya kwanza niliona aibu, kwa sababu kweli nilikuwa nimetoka kitanda cha pili. Tangu siku hiyo nawaomba ndugu wote wafanye kama yeye. Hatuudhiki. Na kama kuna anayeudhika, mwombe hata hivyo.

Kila mrija una sababu yake, na sababu ikiisha utolewe

Mrija wowote unaoingia mwilini ni barabara. Kila siku unayozidi kukaa, nafasi ya vimelea kupita inaongezeka, na ndani ya mrija vimelea hujijengea utando telezi, kama ule unaoupapasa ndani ya pipa la maji lililokaa bila kuoshwa. Ndani ya utando huo dawa hupenya kwa shida sana. Kwa hiyo kila asubuhi madaktari wanapopita, uliza swali moja kwa adabu: "Mrija huu bado anauhitaji?" Uliza kwa kila mrija, mmoja mmoja. Nimeona mrija wa mkojo ukitolewa siku hiyohiyo kwa sababu tu binti wa mgonjwa aliuliza. Sababu yake ilikuwa imekwisha siku 2 nyuma, na sote tulipita tukiuona.

Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu siku zote, hata mgonjwa anapopelekwa picha, lakini usiguse sakafu. Ukiinuliwa juu ya kitanda, mkojo uliokaa nje unarudi ndani na kila kilichomo. Mrija usijikunje. Usiuchomoe kwenye mfuko wewe mwenyewe kwa sababu yoyote.

Aliye kwenye mashine ya kupumulia huinuliwa kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, ili vya tumboni visipande na kushuka mapafuni. Ukikuta kitanda kimelazwa, muulize muuguzi, wala usikiinue mwenyewe, kwani aliyeumia uti wa mgongo au nyonga anaweza kuwa amelazwa hivyo kwa makusudi. Kinywa chake kinatakiwa kusafishwa mara kwa mara. Hii ni kazi unayoweza kufundishwa ukaifanya vizuri, na mara nyingi ndugu huifanya kwa subira kuliko sisi wenye wagonjwa wengi.

Kwenye kanula, angalia ngozi inayoizunguka. Ikiwa nyekundu, imevimba, ina joto, inauma ikiguswa, au plasta imelowa na kubanduka, ita mtu. Usisubiri zamu ibadilike.

Kidonda: kisu hutangulia dawa

Sasa nirudi kwenye damu. Nyama iliyokufa haina damu, kwa hiyo haina dawa, lakini kwa vimelea ni karamu. Ndiyo sababu daktari wa upasuaji anamrudisha ndugu yako thieta, chumba cha upasuaji, mara ya pili, ya tatu, pengine ya tano, kukata na kuosha. Familia nyingi huona kama upasuaji wa kwanza ulishindikana. Sivyo. Mwanzoni nyama inayokufa na nyama itakayopona zinafanana. Siku 2 baadaye zinajitenga, na hapo ndipo daktari anapoona cha kuondoa.

Alexander Fleming, kabla hajagundua penisilini mwaka 1928, alifanya kazi kwenye hospitali ya kijeshi huko Boulogne, Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona madaktari wakimwagia vidonda dawa za kuua vijidudu na majeruhi bado wakioza. Akachukua neli ya kioo, akaivuta kwa moto iwe na miiba yenye mashimo ndani, mfano wa kidonda cha bomu chenye vijipango na kona. Alipoweka uchafu ndani, akaijaza dawa, akaimwaga, vimelea vilibaki hai kule kwenye ncha za miiba ambako dawa haikufika. Huwa nawasimulia ndugu neli hiyo wanaponiuliza kwa nini tusiongeze tu dozi.

Kwa hiyo kidonda kikiachwa wazi bila kushonwa, au kikifunikwa kwa sponji na mashine ya kufyonza, usidhani ametelekezwa. Kukifunga mapema kidonda kichafu ni kuvifungia vimelea ndani.

Kuna mambo naomba usiyafanye kabisa. Usifungue bendeji ili uone. Usipasue kapsuli ya antibayotiki ukanyunyizia unga wake kwenye kidonda. Dozi yake haipimiki, haifiki kwenye kona, na inavipa vimelea nafasi ya kuizoea dawa taratibu. Usimpe vidonge ulivyobakiza nyumbani, hata kama vilikuponya wewe. Nimewahi kuvikuta chini ya mto, na aliyeviweka alikuwa dada wa mgonjwa, mtu mwenye upendo mwingi. Hakujua kwamba kwa siku 3 alikuwa akiharibu sampuli zetu.

Kuhusu dawa za mwanzo: mfupa ukitokeza nje, dozi ya kwanza ya antibayotiki inatakiwa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 1, na kinga ya pepopunda iangaliwe. Lakini dozi hizi za kinga ni za muda mfupi. Kwa mivunjiko mingi iliyo wazi husimamishwa ndani ya saa 24 baada ya kusafishwa na kufungwa, na kwa ile mibaya zaidi kwa kawaida hazipiti saa 72. Daktari akisema "tunasimamisha", ndugu wengi humsihi aendelee. Tafadhali usimsihi. Siku za ziada hazimkingi. Zinaua vimelea vilaini na kuwaachia uwanja walio sugu.

Na ikiwa mguu umewekewa chuma, skrubu au bamba, ule utando telezi niliousema unaweza kujengeka juu yake. Hapo unaweza kusikia daktari akisema chuma kitoke. Inaumiza kusikia, baada ya yote mliyopitia, lakini wakati mwingine hakuna dawa itakayosafisha chuma kikiwa ndani.

Sampuli kwanza, dozi baadaye

Homa ikipanda, swali la kuuliza ni: "Damu ya kuotesha imeshachukuliwa?" Ni damu inayotiwa kwenye chupa maalumu na kupelekwa maabara ili ionekane kimelea gani kitaota. Liulize kabla dawa mpya haijaanza kutiririka. Nakuambia kwa uchungu, maana miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuanza dawa kwanza ili nimridhishe ndugu aliyekuwa akilia, nikachukua damu baadaye. Chupa zote hazikuotesha kitu. Kimelea kilikuwepo, dawa ilikuwa imekizubaisha tu kiasi cha kutoota maabara, na kwa siku 5 tukapiga gizani. Kuchukua damu ni kazi ya dakika chache. Mgonjwa akiwa anazama, shinikizo la damu linashuka, dawa haisubiri chochote zaidi ya dakika hizo, na inatakiwa iwe imeingia ndani ya saa 1.

Damu nzuri ya kuotesha hutoka sehemu 2 tofauti, ngozi ikiwa imesafishwa vizuri. Ikiota kitu kwenye sehemu moja tu, huenda ni cha ngozini. Kwa kidonda, kipande cha nyama kilichochukuliwa kwa kina wakati wa kusafisha kinasema ukweli kuliko pamba iliyopitishwa juu ya usaha. Pamba ya juu huokota kila mpita njia.

Kisha kuna kungoja. Siku 2 hadi 3 kwa kawaida, na hakuna anayezembea: vimelea vinahitaji muda kuota. Fundi wa maabara yetu aliwahi kuniita nione sahani iliyooteshwa sampuli ya mguu wa yule kijana niliyeanza naye. Sahani ya duara, bapa, upana wa kiganja, yenye ute mgumu kama jeli. Juu yake vimelea vilikuwa vimeota, tabaka jembamba la kijanikijani lililotandaa kama nyasi zilizofyekwa. Katikati ya nyasi zile palikuwa na vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayofanya kazi huzungukwa na duara safi, tupu, kama uwanja uliofagiliwa. Nilihesabu vidonge. Karibu vyote nyasi zilikuwa zimeota hadi ukingoni, zinagusa karatasi. Viwili tu vilikuwa na duara. Nilisimama pale nikaelewa karatasi ya majibu kuliko miaka yote niliyokuwa nikiisoma.

Karatasi yenyewe utaisoma hivi: S, dawa inakiweza kimelea. R, haikiwezi. I, iko katikati, inaweza kufaa kwa dozi kubwa au mahali inapojikusanya kwa wingi. Omba nakala au piga picha. Usishangae majibu yakija daktari akamtoa mgonjwa kwenye dawa "kubwa" na kumpa ya zamani, ya bei ndogo. Dawa yenye S inayolenga kimelea chake ni bora kuliko kubwa inayopiga kila kitu.

Kimelea kipo, lakini hapewi dawa

Hapa pana ugomvi mwingi, nami nataka nipaeleze taratibu. Kimelea kinaweza kuweka kambi bila kushambulia. Kipo juu ya ngozi, puani, kwenye haja kubwa, juu ya kidonda kinachopona vizuri, na mgonjwa hana homa, usaha hauongezeki, damu yake haionyeshi vita. Huyo ana kimelea, hana maambukizi. Ukimpa dawa unavilisha usugu na unaumiza figo zake bure.

Kwa hiyo ukisikia "amekutwa na kimelea sugu lakini hatumtibu", uliza: "Ni kambi au ni shambulio? Mnaangalia dalili gani?" Daktari mzuri atakujibu kwa dalili. Kwa ajili ya kutafuta kambi hizo, baadhi ya hospitali humpangusa mgonjwa puani na sehemu ya haja kubwa siku anayopokelewa. Mweleze mgonjwa mapema, asione amedhalilishwa.

Dawa za akiba

Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liligawa antibayotiki katika makundi 3. La kwanza ni la matumizi ya kawaida, kama amoksisilini. La pili ni la tahadhari, kama seftriaksoni na meropenemu. La tatu ni la akiba, na humo yumo kolistini. Ukisikia kolistini, jua tumefika kwenye ghala la mwisho. Ni dawa ya zamani iliyowekwa kando kwa miaka mingi kwa sababu huumiza figo, ikarudishwa kwa kukosa nyingine. Ukiwa kitandani, kazi yako ni mkojo: tusaidie asimwage mtu mkojo kabla haujapimwa. Kiasi kikipungua ghafla, sema. Akipewa dawa za jamii ya jentamaisini au amikasini, sikiliza pia masikio yake: akilalamika kwamba mlio unavuma au hasikii vizuri, au kizunguzungu, sema siku hiyohiyo.

Mwaka 2019 peke yake, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani walikufa kwa maambukizi sugu ya bakteria. Siitaji namba hii kukutisha. Naitaja ili ujue kwa nini daktari anasita kuifungua akiba, na kwamba kusita kwake ni kumjali pia mgonjwa atakayelala kitanda hicho mwezi ujao.

Akiwekwa chumba cha peke yake

Gauni, glavu na karatasi mlangoni huwaumiza watu moyo. Mke wa mgonjwa mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ana ugonjwa wa aibu?" La. Amewekwa hapo kwa sababu wenzake wana vidonda wazi. Wewe mzima, usiye na kidonda wala mrija, kwa kawaida huna cha kuogopa: unaweza kumshika mkono, kumsomea, kumwimbia. Mguse. Mgonjwa asiyeguswa hunyong'onyea. Takasa mikono tu kabla na baada, vaa ulichoambiwa uvae, na gauni liachwe mle chumbani. Mtoto mchanga, mwenye kidonda au anayetumia dawa za kushusha kinga, aulize kwanza.

Dalili za kupiga kelele

Kwa aliyeumia vibaya, maambukizi yaliyoingia kwenye damu hayaji na homa kila mara. Wengine hupoa. Ita muuguzi mara moja ukiona ameanza kuchanganyikiwa au kusinzia kupita alivyokuwa mchana, anapumua haraka, anatetemeka, ngozi imekuwa na mabaka au vidole vimepoa na kupauka, mkojo umekatika. Usiseme "naona hayuko sawa" ukaishia hapo. Sema: "Saa 2 usiku alinitambua, sasa saa 6 hanitambui." Mabadiliko yenye saa yake humwinua daktari kitandani. Wewe ndiye unayemjua alivyo akiwa mzima. Hakuna mashine wodini inayojua hilo.

Daftari

Hatua ya mwisho ni ya karatasi. Nunua daftari dogo siku ya kwanza. Andika tarehe ya ajali, kila hospitali aliyopitia, hata ile aliyolala saa 6 tu, kila upasuaji, kila antibayotiki na tarehe ya kuanza na kusimamishwa, mzio wowote. Majibu ya kuotesha yabandike humo. Akihamishwa, usitegemee barua peke yake. Barua hupotea, na kimelea sugu kikifika wodi mpya bila kutangazwa kinapata siku kadhaa za kutembea.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, uliza: dawa zinaisha tarehe gani, na kidonda kikifanyaje nirudi? Zikibaki, zirudishe duka la dawa, zisikae kabatini. Nguo na vyombo vyake vioshwe kama kawaida. Mikono baada ya kugusa bendeji ioshwe kama mlivyofanya wodini. Na miezi mingi baadaye, akilazwa kwa jambo jingine kabisa, taja kimelea kile kwa jina, maana kambi inaweza kuwa bado ipo.

Yule kijana alirudi thieta mara 3. Kimelea chake, Sudomona, kilishindwa baada ya nyama iliyokufa kuondolewa yote, ndipo mojawapo ya zile dawa 2 zilipopata pa kufika. Alipohamishiwa hospitali nyingine kuwekewa ngozi, mama yake alikuwa amekwisha kujaza kurasa 11 za daftari. Nilimwona mlangoni akimfungulia daftari hilo muuguzi aliyekuja na gari la wagonjwa, ameweka kidole kwenye mstari mmoja alioupigia kistari chekundu, anamsomea jina la kimelea silabi kwa silabi.